Naomba ushauri: gemu ya kushika mkononi ya kuwanunulia watoto, nikiwa Mtwara

MamaShangani

Habari zenu wana jukwaa, na wakubwa wote shikamooni. Ninaishi Mtwara Mjini na ninaomba ushauri wa wale wanaovifahamu vifaa vya gemu vya kushika mkononi. Kijana wangu ana miaka 14 na anasoma shule ya bweni wilayani Masasi. Mdogo wake wa kike ana miaka 9 na yupo nyumbani. Baba yao aliwaahidi kwamba matokeo ya muhula yakiwa mazuri, na malipo ya korosho yakiingia, atawanunulia kifaa cha gemu. Matokeo yamekuwa mazuri, malipo ya mnada nayo yameingia, na kwa kuwa ahadi ni deni, kazi ya kulilipa nimeachiwa mimi.

Tumetenga shilingi laki nane. Hatukutaka PlayStation ya kuunganisha kwenye televisheni kwa sababu umeme wa mtaani kwetu bado hukatika, licha ya gesi ya Mnazi Bay kuchimbwa humu humu mkoani, na pia kwa sababu televisheni ni moja na saa ya taarifa ya habari baba yao hana mjadala na mtu. Simu sitaki kuwapa. Ninataka kitu cha gemu tu, ambacho nikikifungia kabatini siku za shule hakuna atakayesingizia kwamba alikuwa anatafuta notsi.

Muuzaji mmoja wa hapa mjini alinionyesha kidude chekundu akaniambia ni "PSP ya kisasa" yenye gemu mia nne ndani yake, kwa bei ndogo kiasi cha kunitia shaka. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alipita Kariakoo akanitumia picha za Nintendo Switch Lite mpya, Nintendo Switch ya kawaida iliyotumika, PSP iliyotumika, na kifaa cheupe kilichoandikwa PlayStation Portal. Mfanyakazi mwenzangu naye anasisitiza kwamba kama si Steam Deck nitakuwa nimetupa fedha. Kijana anapenda mpira wa miguu kuliko kitu kingine chochote, na binti anapenda kila anachokipenda kaka yake. Intaneti yetu ni ya bando la simu, kwa hiyo gemu ya kupakua kwa GB nyingi itatushinda. Ningependa kujua ni kipi kati ya hivi kitadumu huku kwetu, na kikiharibika ni kipi ambacho fundi wa hapa anaweza kukishika.

Mdau_Mikindani

Dada, hongera kwa matokeo ya kijana. Nianze kwa kupunguza orodha yako, maana nusu ya vitu ulivyoonyeshwa havifai kabisa kwa mazingira uliyoyaeleza.

Kidude chekundu cha gemu mia nne kiache dukani. Gemu zilizomo ni zile za mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na hata hizo hazifiki mia nne, kwa sababu nyingi hurudiwa kwa majina tofauti ili hesabu iwe kubwa. Kidude hicho hakina uhusiano wowote na PSP, ambayo ni kifaa cha gemu cha Sony. Kama mtoto ni wa miaka mitano na unataka atulie ndani ya basi, si mbaya. Kijana wa miaka 14 atakirudisha mkononi mwako jioni ile ile.

PlayStation Portal ndiyo ninayokuonya kwa nguvu zaidi, kwa sababu ni kifaa kizuri kwa sura na jina lake linadanganya. Sony waliitoa mwaka 2023, na mchezo hauchezwi ndani yake: hupokea picha kupitia Wi-Fi kutoka kwenye PlayStation 5 iliyowashwa mahali pengine, au kutoka mtandaoni kwa wenye usajili wa kulipia. Mtu asiye na PlayStation 5, wala intaneti isiyokatika, amenunua kioo kizuri chenye vitufe.

Steam Deck ni mashine ya maana, wala simpingi mwenzako kwa ubora wake. Ni kompyuta kamili iliyotoka Februari 2022, na gemu za kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini wakati wa punguzo. Hata hivyo, toleo la bei nafuu kabisa lilitoka kwa dola 399 huko Marekani, kabla ya usafiri na kodi, kwa hiyo laki nane yako ingeishia njiani. Kubwa zaidi ni kwamba Steam Deck haina mahali pa kuchomeka kadi ya gemu. Kila kitu hupakuliwa, na gemu moja kubwa ya kisasa hula kati ya GB 60 na 100. Zipo njia za kukwepa, mojawapo ikiwa kunakili gemu kutoka kwenye kompyuta iliyo karibu kupitia mtandao wa ndani wa nyumba, jambo ambalo Steam wameliruhusu tangu mwaka 2023, lakini lazima mtu fulani awe ameshaipakua. Halafu liko hili ambalo wauzaji hawalisemi: gemu za mpira za kampuni ya EA za miaka ya karibuni, yaani EA Sports FC, hazifanyi kazi kwenye Steam Deck ikiwa na mfumo wake wa kawaida, kwa sababu programu yao ya kuzuia wadanganyifu haiukubali mfumo huo wa Linux. Kwa kijana wako, hapo mjadala unakwisha.

PSP nayo ilikuwa kipenzi cha wengi wetu, lakini Sony waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, betri nyingi zilizobaki zimevimba, na diski zake ndogo za UMD ni za kutafuta kwa tochi.

Inabaki Nintendo Switch, na sababu yangu kubwa ni kadi. Gemu inauzwa kwenye kadi ndogo kuliko kidole gumba. Unaichomeka juu ya kifaa na mchezo unaanza bila kuuliza bando. Kadi za Switch hazibagui nchi, kwa hiyo iliyotoka Japani, Uingereza au Dubai itacheza kwenye kifaa cha nchi nyingine, ingawa kwa ya Japani uhakikishe kwanza kama ina Kiingereza ndani. Kadi inaazimwa, inauzwa, inabadilishwa, na maendeleo ya mchezaji hubaki ndani ya kifaa, hayaendi na kadi. Usishangae ukisikia kwamba ukiiweka mdomoni ni chungu vibaya sana. Imepakwa kemikali chungu makusudi ili watoto wasimeze. Tahadhari yake ni moja. Baadhi ya maboksi huwa na karatasi ya namba tu, au kadi yenye sehemu ya gemu huku iliyobaki ikitakiwa kupakuliwa, na tangazo la hilo huandikwa kwenye jalada la mbele kwa Kiingereza. Mdogo wako asome jalada kabla ya kutoa fedha.

Kati ya Switch mbili alizokuonyesha, mimi ningechukua Lite mpya. Ilitoka mwaka 2019 kwa dola 199, ina uzito wa gramu 275, kioo chake ni cha inchi 5.5, na kwa kuwa haina vipande vya kuchomoka, ni ngumu kidogo kuvunjika mikononi mwa watoto. Kwa laki nane utapata kifaa na pengine ukabakiwa na cha kadi.

Mwalimu_Nachingwea

Ninaafikiana na Mdau katika yote isipokuwa hitimisho lake, na tofauti yetu ni kubwa kwa sababu mleta mada ametaja watoto wawili. Switch Lite ni ya mtu mmoja. Haiunganishwi na televisheni kwa namna yoyote, hata ukinunua waya, na pedi zake zimejengwa ndani ya mwili wa kifaa. Switch ya kawaida, iliyotoka Machi 2017, ina pedi mbili ndogo zinazochomolewa pembeni, zinazoitwa Joy-Con, na kila moja inaweza kuwa pedi ya mtu mmoja. Unasimamisha kioo mezani, kaka anashika moja, dada anashika nyingine, wakacheza pamoja bila kununua kitu cha ziada. Nyumbani kwangu nina watoto wa ndugu zangu watatu, na ninaweza kueleza kwa ushahidi ugomvi unaotokea pale kifaa cha mchezaji mmoja kinapoingia ndani ya nyumba yenye watoto zaidi ya mmoja. Mama atageuka hakimu kila jioni.

Lipo pia suala la betri. Switch ya kawaida ina matoleo mawili yanayofanana kwa sura. Lile la kwanza hukaa na chaji kati ya saa mbili na nusu na saa sita na nusu, kutegemea gemu. Lililotoka mwaka 2019 hukaa kati ya saa nne na nusu na saa tisa. Lite ni kati ya saa tatu na saba. Kwa mahali ambapo umeme unaweza kuondoka alasiri ukarudi usiku, tofauti hiyo si ndogo. Namna ya kuyatofautisha ni namba ya mfano iliyoandikwa nyuma ya kifaa: la zamani ni HAC-001, na jipya ni HAC-001(-01). Muombe mdogo wako apige picha ya maandishi hayo kabla ya kujadili bei, na kama ni la zamani, bei ishuke kwa kiasi cha kueleweka.

Mpenda_Simu

Kwa nini msinunue simu nzuri ya laki tano pamoja na pedi ya Bluetooth? Gemu za simu nyingi ni za bure.

Mwalimu_Nachingwea

Ndugu, mleta mada ameshasema simu hataki, na ninamuunga mkono. Gemu ya bure ya simu hulipiwa kwa matangazo na kwa kumshawishi mtoto anunue vitu ndani ya mchezo, na nyingi zinadai bando kila zinapofunguliwa.

Fundi_Chikongola

Habari ya jioni dada MamaShangani, na wachangiaji wote. Mimi ni fundi wa simu na vifaa vidogo hapa Mtwara, na ninapokea vifaa hivi, ingawa si kwa wingi wa simu. Nitaongelea uharibifu, kwa sababu ndio ninaouona.

Tatizo linaloleta Switch nyingi mezani kwangu ni vile vijiti viwili vya analogi vya kumwelekezea mchezaji. Vinafika mahali vinajisogeza vyenyewe: mtoto hajagusa kitu, lakini mchezaji wake anatembea kwenda kushoto kama mtu aliyeitwa. Ukikifungua kijiti hicho unakuta ndani yake ukanda mwembamba wa kaboni ambao vidole vya chuma hupita juu yake kila kijiti kinaposogezwa; ukanda umelika, na unga mweusi laini umetapakaa pembeni. Ugonjwa huu unafahamika duniani kote, na mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja kwa usumbufu walioupata. Huku pwani kuna mchanga na hewa yenye chumvi, na mtoto anayecheza akitoka ufukweni huongeza kasi ya jambo ambalo lingetokea tu.

Hapa ndipo ninapokuwa upande wa Mwalimu. Joy-Con ya Switch ya kawaida ikiugua, unaichomoa, unaniletea hiyo peke yake, na kifaa kinabaki nyumbani. Au unaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam bila kumsubiri fundi. Kwenye Lite kijiti kipo ndani ya mwili wa kifaa, kwa hiyo lazima nifungue kifuniko cha nyuma, niondoe bamba la chuma la kupoozea, nichomoe nyaya bapa ambazo zikikunjwa vibaya hukatika, ndipo nikifikie. Kazi hiyo inawezekana na nimeifanya, ila ni ndefu, na si kila fundi ana bisibisi yenye ncha ya mabawa matatu inayofungua skrubu za nje za Nintendo. Ukimwona anajaribu kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, chukua kifaa chako uondoke. Siku hizi vipo pia vijiti vya badala vinavyotumia sumaku, ambavyo havina ukanda wa kulika, na mtu akiniuliza ninamshauri aagize hivyo.

Kwa kuwa Switch ya kawaida uliyoonyeshwa imetumika, mdogo wako akiwa dukani afanye haya kabla ya kulipa. Aingie kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya pedi, ambako kuna ukurasa wa kurekebisha vijiti. Akikiachia kijiti, alama iliyo kwenye kioo irudi katikati na itulie, na akikizungusha ifike kingo zote za duara. Achomoe Joy-Con zote mbili, azirudishe, na aone kama kifaa kinaendelea kuzitambua. Achomeke kadi ya gemu na mchezo uanze. Asikilize feni baada ya kucheza kidogo. Feni inayokwaruza imeingiwa na vumbi. Aweke kifaa juu ya meza tambarare na kukitazama kwa ubavu, kwa sababu betri iliyovimba hukinyanyua kioo pembeni.

Jambo la mwisho kwenye vifaa vilivyotumika ni kufungiwa. Baadhi hupitia mikononi mwa watu walioingiza programu za kuchezea gemu za wizi, na Nintendo hukifungia kifaa chenyewe, si akaunti ya mtu, kisiingie tena mtandaoni. Kadi zitaendelea kucheza, lakini duka lao na mchezo wa mtandaoni vyote vimefungwa. Awashe hotspoti ya simu yake, ajaribu kuingia kwenye duka la Nintendo ndani ya kifaa. Ikitokea namba 2124-4007, kifaa kimefungiwa, na bei aliyoambiwa si yake.

MamaShangani

Ninawashukuru sana. Mwalimu na Fundi wamenishawishi kuhusu Switch ya kawaida, na nimeshamwambia mdogo wangu apige picha ya namba ya nyuma, imekuja HAC-001(-01). Yamebaki mambo matatu. Tuna pawabenki ya 10,000 mAh hapa nyumbani, je, inaweza kuichaji umeme ukikatika? Pili, kijana akiwa shuleni kifaa kitabaki na mdogo wake, na ninataka kumwekea kikomo cha muda bila kusimama mlangoni. Tatu, kwa mpira, ninunue kadi ipi? Kuna muuzaji ana FIFA 21 na FIFA 23 kwa bei ya kutupa.

Mdau_Mikindani

Nimekubali kushindwa na hoja ya watoto wawili, wala sina kinyongo.

Pawabenki yako inatosha. Maandishi ya 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, yaani ni kama Wh 37 (Wh ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa), na sehemu ya hizo hupotea kwa joto wakati wa kuchaji. Betri ya Switch ya kawaida ni ya 4,310 mAh, takriban Wh 16, kwa hiyo utaijaza mara moja na nusu, ukiwa na bahati karibu mara mbili. (Steam Deck ya kwanza ina betri ya Wh 40, pawabenki hiyo hiyo isingeijaza hata mara moja.) Angalia tu kama pawabenki ina tundu la taipu C linalotoa umeme wa kasi. Ile ya tundu la kawaida la USB huchaji polepole mno, na mtu akiwa anacheza gemu nzito asilimia inaweza kushuka huku waya umechomekwa.

Kuhusu kikomo, Nintendo wana programu ya bure ya wazazi unayoiweka kwenye simu yako na kuiunganisha na kifaa. Unaweka dakika kwa kila siku, na hata siku tofauti kwa muda tofauti. Muda ukiisha, kifaa humtahadharisha mtoto, na ukichagua hivyo, husimamisha mchezo kabisa hadi mzazi aweke namba ya siri. Bando linahitajika wakati wa kuunganisha na kila unapobadilisha masharti. Masharti yenyewe hukaa ndani ya kifaa na hufanya kazi hata kisipokuwa mtandaoni. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Na kama utakifungia kabatini muhula mzima, kiweke kikiwa na chaji, kwa sababu Nintendo wenyewe wanaonya kwamba betri isiyochajiwa kwa zaidi ya miezi sita inaweza kukataa kabisa kupokea umeme.

Kuhusu mpira, FIFA 21 na FIFA 23 ziache hata zikiwa za kutupwa. Kwenye Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, EA walikuwa wanauza gemu ile ile kwa jina la Legacy Edition, wakibadilisha vikosi na jezi tu. Mabadiliko ya kweli yalikuja na EA Sports FC 24 ya mwaka 2023, ambayo ndiyo ya kwanza kwenye Switch kutumia injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, inayotumika kwenye mashine kubwa. Tafuta hiyo au iliyofuata, kwa kadi, na jalada lisomwe kama nilivyosema. Kwa binti na kaka yake pamoja, Mario Kart 8 Deluxe ni mbio za magari zinazochezwa na watu wawili kwenye kioo kimoja, na inao msaada wa usukani unaomzuia mchezaji mdogo asitoke nje ya barabara. Kadi yake iliyotumika hupatikana kwa urahisi kuliko nyingi.

Fundi_Chikongola

Niongeze la usafiri tu, dada. Kifaa kikitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, Joy-Con zichomolewe zifungwe peke yake, kioo kifunikwe kwa kadibodi ngumu, na boksi lisikae kwenye buti pamoja na ndoo za samaki au mizigo yenye maji. Likifika, liache lipoe kabla ya kuwasha, na kwa kuwa ni kifaa kilichotumika, anza kwa kukirudisha kwenye hali ya kiwandani ili akaunti ya mtu aliyekuwa nacho isibaki ndani. Kioo kiwekewe ulinzi siku hiyo hiyo. Hicho cha Switch ya kawaida ni cha plastiki na hukwaruzika upesi, na vioo vya ulinzi vya inchi 6.2 ninavyo hapa Chikongola.